Jinsi ya Kumpima Msimulizi wa Filamu ya Noeli

Watu wengi huupima ustadi wa msimulizi wa filamu, yule aiwekaye sauti yake ya Kiswahili juu ya sauti za wachezaji, kazi iliyowapa sifa Lufufu wa Dar es Salaam na DJ Afro wa Kenya, kwa filamu za vita, ambamo mshindo wa bunduki humsaidia. Ama mimi naona mizani ya haki ni filamu nyepesi ya mapenzi ya Noeli, itazamwayo na jamaa wote katika chumba kimoja, bibi, wakwe, vijana na watoto, maana hapo hakuna mshindo wa kuusitiri upungufu wake.

Kwanza msikilize anavyolikabili busu. Huko Masisi na Walikale, katika Kivu Kaskazini nchini Kongo, ambako mkwe na mamamkwe hustahiana sana, msimulizi dhaifu ama hutamka upuuzi ili vijana wacheke na wazee waone haya, ama hubabaika akataja mambo yasiyokuwamo. Aliye fasaha huteremsha sauti mapema, kabla nyuso hazijakaribiana, akatueleza binti amekata shauri gani moyoni, hata busu lifikapo kila mtu amekwisha kulifahamu kuwa ni ahadi, na mzee hana haja ya kuinamisha macho.

Kisha mwangalie anavyoitumia baridi. Filamu ya A Christmas Prince, ya mwaka 2017, yamhusu mwandishi wa habari aingiaye katika jumba la kifalme la Aldovia, nchi ya kubuni, akijifanya mwalimu. Siku moja aanguka farasini katika theluji, mwana wa mfalme amwokoa na mbwa mwitu, na wote wawili wajihifadhi kibandani. Kwa watu wa Masisi, ambako malisho mengi ya ng'ombe yako juu ya mita 2,000 na ukungu wa jioni humsogeza kila mtu motoni, sentensi moja yatosha. Lakini Walikale, chini katika msitu wa mvua wenye joto, baridi ile haina budi kujengwa kwa maneno mpaka iwe hatari ya kweli, la sivyo kibanda chaonekana kuwa hila tu ya mwanamume. Asemaye yale yale pande zote mbili hajaijua hadhira yake.

Walikale, tena, ina masikio yaliyozoea masimulizi makubwa. Mwaka 1956 Candi Rureke, Mnyanga wa huko, aliusimulia utenzi wa shujaa Mwindo kwa muda wa siku 12 mbele ya mtafiti Daniel Biebuyck, ambaye pamoja na Kahombo Mateene aliuchapisha mwaka 1969. Rureke aliimba, akanena, akacheza, na wenziwe wakimwitikia. Msimulizi wa namna hiyo huacha nafasi ya kujibiwa, na kunyamaza ndiko ninakokuthamini kupita sifa nyingine zote. Chukua The Shop Around the Corner, ya Ernst Lubitsch, ya mwaka 1940: wafanyakazi wawili wa duka mjini Budapest wagombana kutwa, ilhali waandikiana barua za mapenzi pasipo kujuana, na usiku wa kuamkia Noeli binti amwomba yule mwanamume apandishe suruali, aone kama ana matege. Msimulizi asemaye lolote katika nukta ile, kabla chumba kizima hakijacheka chenyewe, mwondolee alama nyingi.

Nyongeza zake nazikubali kwa sharti. Akimfanya mfalme aulizie ng'ombe wa mahari, watu wa Masisi hufurahi na hadithi haidhuriki. Bali akimfanya binti akubali kwa ajili ya ng'ombe wale, amempokonya hiari yake, na filamu imekwisha kuharibika.

Wala asidhani wepesi ni jambo dogo kwa jamaa hawa, ambao mwanzoni mwa mwaka 2025 waliona vita vya waasi wa M23 vikifika Masisi mjini, kisha Walikale mjini, na wengi wao wamezijua Noeli za ukimbizini. Kicheko wanachokifuata wamekistahili, wapewe kilicho safi.

Ukibaki na shaka, asubuhi mwombe mtoto akusimulie: akikueleza kwa nini wale wawili waligombana na jinsi walivyopatana, mwite tena msimulizi yule mwakani; akikukariria mizaha yake tu, tafuta mwingine.