Kilichodhuru ni Kipi? Kaboni Iliyovikwa na Kipimo cha Viinitete vya Samaki

Mirija ya kaboni ambayo upana wake hupimwa kwa nanomita, yaani sehemu za bilioni za mita, siku hizi hutiwa katika betri na plastiki. Ikiwa tupu, kaboni hii hukataa maji: mirija yake hushikamana, ikawa mabonge na kuzama. Ndiyo sababu huvikwa tabaka la polima, la protini au la sabuni ili itawanyike. Lakini kitu kilichovikwa si kile kilichokuwa kabla ya kuvikwa, na usalama wake hauwezi kujulikana kwa kuhesabu samaki waliokufa tu. Nashikilia kwamba kipimo cha viinitete vya samaki kinastahili kuaminiwa pale tu kinapobainisha kilichodhuru ni kipi, na kinapofanywa pia katika maji ya mto unaohusika. Jambo hili linaigusa Lokandu, mkoani Maniema katika Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, upande wa chini wa mji wa Kindu, ambako mto Lualaba ni kitoweo na ni njia ya kusafiria.

Kipimo chenyewe kimepangwa kwa uangalifu. Mwongozo namba 236 wa OECD, Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, uliotolewa mwaka 2013, hutumia samaki pundamilia, samaki mdogo wa Asia Kusini ambaye yai lake ni angavu kiasi kwamba moyo huonekana ukidunda kwa hadubini. Mayai yaliyotungishwa punde huwekwa moja moja katika vishimo vya sahani, 20 kwa kila ukolezi, katika joto la nyuzi 26, kwa saa 96. Kila baada ya saa 24 mchunguzi hutafuta dalili za kifo: yai kuganda, pingili za mwili kutojitokeza, mkia kutoachana na kiini cha yai, na baadaye moyo kutodunda. Viinitete vilivyo katika maji yasiyo na dawa lazima viishi kwa asilimia 90 au zaidi, la sivyo jaribio halikubaliki. Kundi jingine hupewa sumu inayojulikana, ili kuthibitisha kwamba mayai yanaitikia sumu.

Hata hivyo, utaratibu huo ulifikiriwa kwanza kwa kemikali zinazoyeyuka, na kaboni haiyeyuki. Mwaka 2007 watafiti wa Hong Kong na Ufaransa walieleza kwamba mirija ya kaboni yenye ukuta mmoja ilichelewesha mayai ya samaki pundamilia kuanguliwa ukolezi ulipozidi miligramu 120 kwa lita. Ganda la yai lilizuia mabonge yasiingie ndani, na metali zilizoshukiwa zaidi zilikuwa kobalti na nikeli, mabaki ya vichochezi vilivyotumika kutengenezea mirija hiyo. Mwaka huohuo kundi la Theodore Henry nchini Marekani lilichunguza fulereni, kaboni yenye umbo la mpira, na kuonyesha kwamba madhara kwa vifaranga wa samaki yalitokana na mazao ya kuharibika kwa kiyeyushi kilichotumika kuitawanya. Katika visa vyote viwili, anayesoma idadi ya waliodhurika peke yake angeilaumu kaboni. Kwa kaboni iliyovikwa, basi, jaribio la haki huwa na makundi ya kulinganishia yasiyopungua matatu: vazi peke yake, kaboni isiyovikwa, na maji yaliyochujwa kutoka katika mchanganyiko wenyewe, ambamo metali zilizoachiwa hubaki.

Linabaki suala la maji. Mwaka 2007 pia, watafiti wa Georgia, Marekani, walionyesha kwamba mabaki ya mimea yaliyoyeyuka katika mto yaliivika mirija ya kaboni na kuifanya ielee kwa zaidi ya mwezi mmoja. Mito ya bonde la Kongo hupita katika misitu na kubeba mabaki mengi ya aina hiyo. Kwa hiyo vazi la kiwandani linaweza kuongezewa au kubadilishwa na vazi la mtoni, na jibu lililopatikana katika maji safi ya maabara halitoshi kuusemea Lualaba.

Wapo watakaosema kiinitete si binadamu. Ni kweli, lakini takriban asilimia 70 ya jeni za binadamu zina mwenza katika samaki pundamilia, na hapa anayelindwa kwanza ni samaki mwenyewe. Wengine watasema saa 96 ni chache. Hoja hiyo ina uzito: kipimo hiki huchuja hatari za haraka, hakithibitishi usalama wa miaka. Wapo pia watakaouliza Lokandu ina kiwanda gani cha kaboni. Haihitaji kuwa nacho. Lualaba huanzia Katanga na kupita ukanda wa migodi ya Kolwezi, ambako kobalti ya betri huchimbwa, na betri zikichakaa hutupwa popote watu wanapoishi.

Vyuo vya Kindu na Kisangani vinaweza kuanza bila mitambo ya gharama kubwa. Kambale yupo katika maji yetu, mayai yake huanguliwa kwa takriban siku moja, na tayari ametumika katika vipimo vya sumu. Kwa hiyo, kabla ya bidhaa yoyote yenye kaboni iliyovikwa kuruhusiwa karibu na mto, wakuu wa Maniema wadai mambo matatu: matokeo ya vazi peke yake, kiasi cha metali kilichobaki, na jaribio lililofanywa kwa maji ya Lualaba. Bidhaa isiyo na majibu hayo isihesabiwe kuwa salama.