Pampu Haikuwa na Kosa

Kununua pampu mpya pale Manyamanyama lilikuwa kosa, na waliokuwapo waliliona kabla haijafungwa. Fundi alianza vizuri: alipima umeme, akakagua kapasita, akabadilisha sili. Hapo sina neno.

Lakini mwenye nyumba alishaeleza ugonjwa wote. Jioni pampu ikijazwa maji inavuta mpaka simtanki inafurika. Asubuhi ikiwashwa inaunguruma tu, bomba la kuvutia ni tupu. Pampu iliyochoka haina tabia hiyo. Maji yakirudi kisimani usiku, ama futi valvu, ile ya mwisho wa bomba kisimani, haifungi, ama kuna kiungo kinachopitisha hewa. Fundi hakugusa hata kimoja. Alisema nusu hospawa ni ndogo, ikaletwa ya hospawa moja.

Hapo ndipo aliponiudhi. Pampu inayokaa juu ya kisima haiyanyanyui maji kwa nguvu zake. Inaondoa hewa ndani ya bomba, na hewa ya nje ndiyo inayoyasukuma maji kupanda. Pwani yangepanda mita 10 na kidogo. Huku kwetu, ambako Ziwa Viktoria lenyewe liko kama mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, tunabaki na 9 hivi, na kwa kazi ya kweli ni 6 au 7. Hospawa haziongezi hata mita moja hapo, sembuse kuziba valvu inayovuja.

Alitakiwa kung'oa bomba, asimamishe valvu wima, amimine maji juu yake na kutazama. Yakishuka, afungue chujio: mara nyingi ni punje ya mchanga imekwama kwenye kikalio, au mpira umekakamaa.

Mafundi wa maji wa enzi za mpango wa serikali wa maji vijijini wa 1971, ule ulioahidi kila mwanakijiji maji ndani ya mita 400 kutoka nyumbani ifikapo 1991, wasingeanzia dukani. Washa ya ngozi waliikata kwa kisu, wakailoweka mafuta, ndipo wakaivisha. Vipuri vilikuwa adimu, kwa hiyo walitafuta ugonjwa kwanza.

Na nitalirudia hili mpaka lisikike: bomba la kuvutia lifungwe kwa yunioni. La pale limegundishwa moja kwa moja, ndiyo maana hakuna aliyetaka kulichomoa.

Asubuhi iliyofuata pampu mpya nayo iliunguruma kavu. Ile ya zamani ni nzima na ina sili mpya. Irudishwe mahali pake, bomba likatwe, na valvu itolewe ikaguliwe.