Dombey, Mwanawe, na Binti Asiyehesabiwa

Mzee wangu ana duka la vipuri vya magari, na juu ya mlango kuna bango lenye jina lake na maneno "na Wanawe." Mwana mwenyewe ni mimi. Chuo niliacha mwaka wa pili, dukani nako sikanyagi. Anayefungua kila asubuhi ni dadangu.

Labda ndiyo maana Dombey and Son ya Charles Dickens imeniacha na hasira. Riwaya hii ilitoka kwa vipande vya kila mwezi, 1846 hadi 1848. Bwana Dombey ana kampuni ya meli na biashara ya ng'ambo jijini London, aliyoirithi kwa babake. Tunapomkuta ana miaka 48. Mwanawe, Paul, ana dakika 48. Mama anakufa siku hiyo hiyo, lakini kichwani mwa Dombey habari kubwa ni kwamba kampuni imepata mrithi. Florence, binti wa miaka kama sita, yuko chumbani humo humo. Kwenye hesabu hayumo.

Hapa Dickens ni moto. Hamfanyi Dombey kuwa shetani. Anatuonyesha kwamba hata yeye aliwahi kuwa "mwana," akisubiri zamu. Kisha Paul, kadogo tu, anamuuliza baba pesa ni nini. Anaambiwa inaweza kila kitu. Sasa mbona haikumwokoa mama? Manze, ukurasa huo nimeusoma mara tatu. Paul mwenyewe anakufa akiwa bado mtoto.

Mahali pengine mkono wa mwandishi ni mzito. Meli inayompeleka Walter, kijana wa ofisini, Barbados inaitwa Son and Heir, na kweli inazama. Tumeelewa, Charles.

Lakini shida yangu ni mwisho. Edith, mke wa pili, anayejua kabisa kwamba amenunuliwa, anakataa kumnyenyekea Dombey, kisha anatoroka na meneja wake. Dombey anamalizia hasira kwa Florence: anampiga, binti anakimbia nyumbani. Kampuni inafilisika. Florence anarudi na kumwomba baba msamaha. Yeye ndiye anaomba! Baba naye anamwomba Mungu amsamehe. Aliyepigwa yuko hapo hapo mbele yake.

Mtu ataniambia zamani ilikuwa hivyo. Lakini ni zamani hiyo hiyo iliyotupa Edith, kwa hivyo Dickens alijua mwanamke anaweza kukataa.

Karibu na mwisho tunadokezwa kwamba Dombey and Son nyingine itainuka, safari hii kupitia binti. Ebu ona: kazi ni ya binti, jina bado ni la mwana.

Isome hata hivyo. Nimesema nina hasira, sijasema ni mbaya.

Wiki jana mzee alimwita fundi apake bango rangi upya. Maneno ni yale yale. Aliyemlipa fundi ni dadangu.