Sherehe ya Kiini: Uhakiki wa TCP/IP Illustrated, Juzuu ya Pili

Kitabu cha Gary R. Wright na W. Richard Stevens, kilichotolewa mwaka 1995, ni cha uhandisi. Lakini fani yake si ngeni kwa msomaji wa tenzi. Ni sherehe. Waandishi wamechukua matini ya programu yenye mistari ipatayo 15,000, ile inayotekeleza itifaki za mtandao ndani ya kiini cha mfumo wa uendeshaji wa 4.4BSD-Lite, wakaifafanua fungu baada ya fungu. Yafaa basi kuipima kazi hii kwa kipimo cha sherehe: je, inafafanua maana, au inarudia tu maneno ya matini?

Kwa upande wa maneno, wamefaulu sana. Mfano ni maelezo ya kumbukumbu iitwayo mbuf, ambamo pakiti hutunzwa zikiwa safarini ndani ya kiini. Kila mbuf ina baiti 128, na kati ya hizo 108 ndizo za data. Zikiwa mwanzoni mwa pakiti, hubaki 100. Michoro huonyesha jinsi zinavyoungana kama shanga. Tena waandishi hawaisujudii matini: penye kosa, hulitaja.

Maana ni suala jingine. Tuchukue kigeu kiitwacho snd_cwnd, kinachomzuia mtumaji asimwage data yote kwa pamoja. Waraka namba 793 wa mwaka 1981, ulioweka kanuni za TCP, hauna habari zake. Chanzo chake ni msiba: Oktoba 1986 mtandao kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na chuo kikuu cha Berkeley ulisongwa hata mwendo wake ukashuka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi 40. Van Jacobson akabuni njia ya kuanza polepole, akaieleza mwaka 1988. Asiyeijua habari hiyo ataiona mistari ile kama breki isiyo na sababu, na huenda akaifuta. Hapa ndipo sherehe inapohitajika zaidi. Lakini kwa nadharia ya itifaki waandishi mara nyingi humrejesha msomaji kwenye juzuu ya kwanza ya mwaka 1994. Jinsi imekaa huku, sababu imekaa kule.

Yuko atakayejibu kwamba kitabu chochote cha namna hii huchakaa, kwani utenzi hutulia bali kiini hubadilika. Ni kweli. Ndiyo maana watunzi wa Linux huweka nyaraka za mtandao pamoja na programu yenyewe, zipate kubadilishwa pamoja nayo. Lakini ukaribu huo hautoshi. Waraka wao wa ip-sysctl, kwa mfano, kwa sehemu kubwa ni orodha ya vidhibiti na thamani zake: ni kamusi, wala si sherehe.

Kwa maoni yetu, kinachochakaa upesi ni maelezo ya jinsi. Maelezo ya sababu hudumu. Waraka namba 9293 wa mwaka 2022, uliochukua nafasi ya ule wa 1981, sasa unaamuru udhibiti wa msongamano. Mistari ya 4.4BSD-Lite imepitwa, lakini hoja ya mwaka 1988 ingali hai. Mwenye kuandika sherehe ya kiini leo na aanze na hoja, kisha ashuke kwenye mistari.