Jiwe Lenye Maji Ndani ya Waya

Ukifika Nyamwage, pale njia ya Utete inapoachana na barabara kuu ya kwenda Lindi, tazama nyumba ya kukandika iliyoezekwa makuti, kisha inua macho uangalie waya unaopita chini ya paa. Makuti hayana subira. Tone moja la plastiki inayowaka linayatosha. Ndiyo maana mimi waya siupimi kwa rangi wala kwa bei. Naupima kwa unga wa mawe uliochanganywa kwenye plastiki yake.

Unga wa thamani ni ule uliofunga maji. Haidroksidi ya alumini huanza kuyaachia kwenye nyuzi joto 200 hivi, na theluthi moja ya uzito wake hutoka kama mvuke. Moto unapoa, gesi zinazoulisha zinazimuliwa, na majivu yanabaki juu kama ganda. Haidroksidi ya magnesiamu huvumilia hadi karibu nyuzi 330, kwa hiyo hufaa plastiki zinazoyeyushwa kwa joto kali kiwandani. Unga wa mawe ya chokaa hauna maji ya kutoa. Kazi yake kubwa ni kupunguza gharama. Hata udongo mweupe wa Pugu, fahari ya mkoa wetu, huyashikilia maji yake hadi karibu nyuzi 500, wakati plastiki imeshateketea. Nausifu kwa kauri, si kwa kazi hii.

Kiasi nacho kina ufundi wake. Polithini isiyo na klorini huhitaji unga hadi sehemu 60 kwa 100 za uzito wote, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Mkandikaji yeyote wa Rufiji anaijua shida hii: mchanga ukizidi ukuta unamomonyoka, ukipungua unapasuka. Kunja ganda la waya kwa nguvu. Mkunjo ukigeuka mweupe na kufanya nyufa, unga umezidi au haukuchanganyika. Likate kwa wembe: uso uwe laini, usio na punje.

PVC ina habari yake. Zaidi ya nusu ya uzito wake ni klorini, na hiyo peke yake huukinza moto, ila mafuta ya kulainishia ganda la waya huurudisha. Chokaa ikijazwa humo hufanya hasara mara mbili: bomba la kupitishia waya linavunjika kama kijiti, na ile klorini inamezwa kabla haijaufikia moto.

Hatimaye, jaribu. Toka nje, simama upande upepo unakotokea, maana moshi wa PVC una asidi. Shika kwa koleo kipande cha urefu wa kidole, chini yake tandaza sufi kavu. Kitie moto sekunde 10, ondoa, kizimike, rudia. Maabara za Marekani hufanya vivyo hivyo, kwa pamba. Kipande chema hujizima ndani ya sekunde 10 na sufi inabaki salama. Kikidondosha matone yanayowaka, kirudishe dukani, hata kama muuzaji ni shemeji yako.

Majivu yakipoa, yatazame. Ninayoyapenda ni meupe, magumu, yaliyohifadhi umbo la waya. Yasage, yakamulie ndimu. Yakitoa povu, humo mlikuwa na chokaa.