Redio ya Sikukuu: Kipindi Kilichopikwa na Kilichopashwa Moto

Fungua redio asubuhi ya Idi, saa moja kasoro robo, kabla watu hawajatoka kwenda swalani. Usihangaike kwanza na wimbo unaopigwa. Sikiliza kama yule aliyeko studio anajua ni saa ngapi. Saa hiyo kuna nyumba ambamo baba anasaka kofia, watoto wanagombania bafu, na mama anachagua mchele wa pilau huku jicho lake liko kwa yule mdogo aliyekwisha vaa nguo mpya na kuanza kuzichafua. Hakuna aliyekaa. Kituo kinachorusha mahojiano ya dakika 20 kuhusu chimbuko la taarabu saa hiyo kinaweza kuwa na mahojiano mazuri ajabu, lakini mtayarishaji wake hana saa ukutani.

Hicho ndicho kipimo changu cha kwanza, na vingine vyote vinatoka humo. Sikukuu ya pwani ina mpango wake: takbira za alfajiri, swala na hotuba, pilau, mchana wa kutembeleana, kisha watoto na mkono wa Idi mfukoni kuelekea viwanjani, Mnazi Mmoja kwa wa Unguja, Tibirinzi kwa wa Chake Chake. Redio nzuri hutembea na mpango huo. Takbira ziachwe zenyewe, bila mtu kuzisemea juu. Watu wakirudi kutoka swalani, nyimbo za kuchangamsha jikoni. Mchana, wageni wakishashiba na kunyoosha miguu, hapo ndipo mahali pa mahojiano, hadithi na taarabu ndefu. Kituo kinachopanga nyimbo zile zile 30 zijirudie kutwa nzima na kuchomeka “Idi Mubarak” kila baada ya tatu hakijaandaa kipindi. Kimepasha kiporo.

Kazi ngumu kuliko zote, hata hivyo, hufanyika usiku wa kuamkia sikukuu, na mwenye kutaka kumjua fundi aanzie huko. Krismasi haina ubishi wa tarehe. Idi ina mwezi. Ramadhani inaweza kuishia 29 au 30, kwa hiyo mtayarishaji anaingia kazini jioni ya tarehe 29 akiwa na vipindi viwili mkononi, kimoja cha kesho kula na kimoja cha kesho kufunga. Tanzania inamsubiri Mufti, Kenya inamsubiri Kadhi Mkuu, na kati ya magharibi na tangazo lenyewe kuna saa kadhaa za kuziba. Mtangazaji mchanga huzijaza kwa tetesi: “Tunasikia huenda kuna mahali umeonekana.” Fundi hafanyi hivyo. Anakupa kasida, anakusomea masharti ya zakatulfitri, anapokea simu mbili tatu za watu wanaouliza bei ya nyama imefika wapi, na kila baada ya muda anasema kwa sauti ile ile kwamba taarifa rasmi bado. Tangazo likija analisoma mara mbili, polepole, kisha anaacha takbira. Nao waliokwisha kufuata mwandamo wa nchi nyingine wakasali mapema anawapa pongezi zao bila utani wa chini kwa chini.

Sasa salamu. Wako wanaodharau vipindi vya salamu kwamba ni majina matupu. Mimi naviona ndiyo shule ya mtangazaji. Utamaduni huu ni wa siku za kadi: unanunua kadi ya salamu, unajaza majina kwenye mistari yake, unaandika ujumbe chini, unatuma. Tanzania na Kenya zote zilizaa mabingwa wa salamu, watu wenye majina ya kupanga na vyama vyao, waliojulikana nchi nzima bila kuonekana sura. Leo kadi imekuwa ujumbe wa simu, lakini ufundi wa kuusoma haujabadilika, na siku ya sikukuu, salamu zinapomiminika, ndipo unapoonekana au unapokosekana.

Msikilize anavyosoma. Mtangazaji dhaifu husoma kama anaita mahudhurio darasani, jina, jina, jina, na sauti inashuka kila jina. Fundi hukusanya salamu kwa mahali: hizi za Tanga na Pangani, hizi za Kilwa, hizi za walioko Maskati. Jina la bibi wa Micheweni analitamka kama linavyotamkwa Micheweni. Na ujumbe hauvunji katikati. Kama mtu ameandika, “Mama, mwaka huu siji, lakini sukari nimempa dereva,” fundi anausoma wote kwa pumzi moja, ananyamaza kidogo, ndipo anaendelea. Huyo mama amesikia mbele ya nchi nzima kwamba mwanawe haji. Anastahili sekunde mbili.

Simu za moja kwa moja ni mtihani huo huo kwa sura nyingine.

“Shikamoo bibi. Sikukuu njema.”

“Marahaba mwanangu. Nawe pia.”

“Jikoni kuna nini leo bibi?”

“Aa, pilau tu. Lakini nazi zimepanda, ndizi sijapika.”

Mtangazaji wa kawaida hapo anacheka na kuuliza wimbo gani apigiwe. Mwenye kipaji anauliza nazi moja imefika shilingi ngapi na zamani ndizi za nazi zililiwa na nini. Ndani ya dakika moja bibi amekupa sikukuu nzima ya mtaa wake, kitu ambacho mtaalamu aliyealikwa studio hawezi kukupa kwa nusu saa. Mahojiano na wazee huharibika kwa swali moja ninalolisikia kila mwaka: “Mzee, sikukuu za zamani zilikuwaje?” Jibu lake linajulikana, kwamba zilikuwa nzuri kuliko za sasa. Muulize kanzu yake ya kwanza ilishonwa na fundi gani, mtaa gani, na nani alilipa. Hapo atasema.

Kwenye chaguo la msikilizaji kuna hatari ambayo mgeni wa mambo yetu haioni. Taarabu ni fumbo, na kuna watu hawatumi wimbo kumpongeza mtu bali kumpiga kijembe. Jirani anaagiza wimbo wa mpasho, anautuma kwa jina, na asubuhi ya Idi mtaa mzima unajua nani kaambiwa nini. Mtangazaji anayeijua taarabu hulinusa jambo hilo mapema. Hakatai salamu. Anasoma jina, anabadilisha wimbo. Nimewahi kusikia hilo likifanywa kwa adabu kubwa, mtangazaji akisingizia kwamba santuri ile ina mikwaruzo, katika zama ambazo santuri hazipo tena studio.

Kwenye muziki wenyewe, kipimo kikali ni pale wimbo unapokatwa. Wimbo wa taarabu ya Unguja ya mtindo wa Ikhwani Safaa, kikundi kilichoanzishwa 1905, huweza kupita dakika kumi. Mtayarishaji mwenye haraka huufifisha baada ya ubeti wa pili kwa sababu taarifa ya habari imefika. Lakini mshairi wetu mara nyingi huficha shabaha kwenye ubeti wa mwisho, kwa hiyo ukikata hapo umemwachia msikilizaji fumbo lisilofumbuliwa. Afadhali kupiga wimbo mmoja mzima kuliko vipande vya nyimbo tatu. Ukisikia kituo kimehesabu dakika zake nyuma kutoka saa ya habari na wimbo ukaishia penyewe, kinanda na fidla zikifunga pamoja, jua yuko mtu pale aliyekaa na kalamu.

Lakini kuna nyimbo zilizokuja fupi tangu mwanzo. Mwimbaji wa taarabu Siti binti Saad na wenzake walipokwenda Bombay kurekodi 1928, upande mmoja wa santuri ulibeba dakika tatu hivi tu. Ufupi wa nyimbo zile ni wa santuri, si wa mwimbaji. Mtangazaji anayepiga Siti na kusema “huyu ndiye Bi Siti, wa zamani hizo,” halafu akahamia tangazo, amepoteza bahati. Anayesema kwamba mnachosikia ni kipande cha wimbo uliokuwa ukiimbwa kwa muda mrefu zaidi barazani amekupa sikio jipya. Vivyo hivyo kwa hazina ya Radio Tanzania Dar es Salaam. Redio ile ilizirekodi bendi studioni kwake, wanamuziki wakipiga wimbo kwa mkupuo, na nyingi kati ya nyimbo tunazoziita zilipendwa zimebaki kwa sababu hiyo. Taja bendi, taja mwimbaji, taja anayepiga gitaa la solo kama unamjua. “Zilipendwa” bila jina ni uvivu, na siku ya sikukuu ni utovu wa adabu, maana familia ya yule mwimbaji huenda iko mezani inasikiliza.

Ngoma zilizorekodiwa nje ndizo zinazonifurahisha zaidi, na ndizo zinazoharibiwa zaidi. Chukua kidumbaki. Kuna fidla, kuna ngoma mbili ndogo ziitwazo vidumbaki, kuna mkwasa na cherewa, na kuna sanduku, lile boksi la mbao lililopinduliwa, lenye fimbo na kamba, linalotoa besi. Fundi mitambo asiyewahi kusimama kwenye kidumbaki huweka maikrofoni mbele ya fidla kwa sababu ndiyo inayoonekana kuongoza. Matokeo yake unasikia fidla inalia peke yake na ngoma ziko mtaa wa pili. Kwenye kidumbaki kilichorekodiwa vizuri unalisikia sanduku kwanza, tumboni, kabla hujasikia wimbo. Unasikia wanawake wanaitikia kutoka pembeni na siyo kutoka mbele, na unasikia vumbi la miguu. Msewe wa Pemba nao, bila zile njuga za miguuni kusikika kila hatua, ni watu wanaimba tu. Chakacha ya Mombasa iliyosafishwa kelele zote imekuwa wimbo wa matangazo.

Mpangilio wa mambo matakatifu na ya furaha unataka mkono mwepesi. Kutoka kwenye kasida na dufu kwenda moja kwa moja kwenye rusha roho ni sawa na kumtoa mtu msikitini kwa kumsukuma. Weka kitu katikati: bashrafu ya ala tupu inafaa kabisa, au udi wa Zein l’Abdin peke yake. Redio nyingi za sasa haziijui bashrafu, nayo ndiyo iliyotengenezwa kwa kazi ya kufungua ukumbi.

Krismasi ina kipimo chake, na nitakisema kwa ufupi kwa kuwa kimekaa zaidi mikononi mwa fundi mitambo. Ibada ya mkesha ikirushwa moja kwa moja, sikiliza mtangazaji ananong’ona wapi. Akisemea juu ya wimbo ili kutuambia kwamba sasa kwaya inaimba, zima. Kwaya za kwetu, iwe ya Makuburi au ile ya Barabara ya 13 Ulyankulu, zina sauti ya nne, besi nzito ya wanaume, ambayo maikrofoni moja ya madhabahuni haiifikii. Kama besi hiyo ipo na watoto wanasikika wakikohoa nyuma, mtambo umewekwa na mtu aliyesali kanisa lile.

Kuhusu kurekodi mapema: si dhambi. Watangazaji nao wana familia na pilau. Dhambi ni kujifanya. Kipindi kilichorekodiwa wiki iliyopita utakijua kwa kutotaja saa, kutotaja mvua, na kwa “wapendwa wasikilizaji popote mlipo” kila baada ya wimbo. Kama Aprili inamwaga masika tangu alfajiri na mtangazaji anawatakia watoto jua zuri viwanjani, umemkamata. Mwenye heshima husema wazi kwamba kipindi kimeandaliwa mapema, halafu anakiandaa vizuri kiasi kwamba hujali.

Wadhamini wataje mara moja mwanzo na mara moja mwisho. Pale kampuni inapotangulia kwenye salamu, “Kampuni fulani inakutakia Idi njema,” kisha ndipo mtangazaji, kituo kimekwisha kuuza kauli yake. Na watangazaji watatu wanaocheka wenyewe kwa wenyewe studio kwa mambo ya jana yao, huku sisi tukiwa kama tumechungulia dirishani, hawahitaji msikilizaji. Waachie.

Kipimo cha mwisho ni cha wavumilivu. Idi Mosi kila kituo kina nguvu, kina wageni, kina bajeti. Unguja sikukuu ni siku nne, na jioni ya nne viwanja bado vina watoto wenye vijisenti vya mwisho. Fungua redio siku hiyo, saa kumi na moja jioni. Vingi vimekwisha rudi kwenye kumi bora zao tangu Idi Pili mchana. Kikiwapo kimoja ambacho mtu wake yuko kiwanjani na maikrofoni, anamuuliza muuza urojo amebakiwa na bakuli ngapi, hicho weka alama kwenye redio yako mwaka mzima.