Psi Saba za Mombasa si Psi Saba za Meru

Pikapu ya miraa inayotoka Maua kwenda Nairobi kupitia Meru, Chuka na Embu ina karibu kilomita 300 mbele yake, na mzigo wake hupoteza thamani kila saa inayopita. Kathinoni, kemikali inayomchangamsha mlaji, hupungua jani linaponyauka, na zikishapita siku mbili hivi mnunuzi hana tena la kununua. Kwa hiyo wengi hudhani kwamba mwenye Hilux akitaka turbo, anatafuta kasi tu. Kwenye tambarare za Mwea, labda. Ila kati ya Embu na Meru barabara inakatiza mito inayoteremka kutoka Mlima Kenya: Thuci, Ruguti, Nithi, Mutonga. Kila mto una bonde lake. Gari hushuka, huvuka daraja, kisha hupanda kwa gia ya pili au ya tatu likiwa na tani moja mgongoni. Kinachokosekana hapo ni hewa, na kazi ya turbo ni kuisukuma ndani ya injini. Dizeli ipo tele.

Hesabu yake ni rahisi. Injini ya 5L, ambayo bado imo katika Hilux nyingi za zamani, ina cc 2,986 na haina turbo. Ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, silinda zake nne zina nafasi ya kuvuta karibu lita 4,500 za hewa. Mombasa, hewa hiyo ina presha ya psi 14.7. Meru mjini, kwenye mita 1,500 na ushei juu ya bahari, presha ni psi 12.3 hivi. Silinda itajaa vilevile, lakini kilichomo kimepungua kwa takriban sehemu moja ya sita. Pampu ya dizeli ambayo haijarekebishwa kwa mwinuko itaendelea kumwaga mafuta yaleyale, na yale yasiyopata hewa hutoka nyuma kama moshi mweusi.

Tatizo hili lilitatuliwa zamani, na ni wenye ndege waliolitatua. Mwaka 1918 mhandisi Sanford Moss wa General Electric alipandisha injini ya ndege aina ya Liberty hadi kilele cha Pikes Peak, Marekani, mita 4,300 juu ya bahari. Bila turbo ilitoa nguvu farasi 230. Alipoiwekea turbo ilitoa 356, karibu sawa na nguvu zake pwani.

Fundi wa Meru au Embu hahitaji kwenda mbali kupata turbo ya 5L. Toyota yenyewe ilitengeneza ndugu yake mdogo, 2L-T, wa cc 2,446 na turbo ndogo iitwayo CT20. Kwa kuwa injini hizo ni za ukoo mmoja, manifoldi ya ekzosi ya 2L-T hufungika kwenye 5L bila kuchomelea sana. Udogo wa CT20, ambao kwa mpenda mashindano ni kasoro, hapa ni sifa: inaamka mapema, wakati gari ndiyo kwanza linatoka darajani. Turbo kubwa ingemfanya dereva afike nusu ya mlima kabla haijaanza kupuliza.

Kazi inayoamua mambo ni ya mabomba. Oili huingia kwenye turbo kwa presha, lakini hutoka kwa uzito wake tu, ikiwa imejaa povu. Bomba la kurudishia lazima liwe pana, literemke bila kupinda juu popote, na liingie kwenye sampu juu ya kimo cha oili. Likibana, oili hupenya kando ya ekseli ya turbo, gari linafuka moshi wa bluu, na fundi asiyelijua hilo atanunua sili tena na tena.

Halafu kuna geji ya presha ya turbo. Ikisoma psi 7 Mombasa, ndani ya manifoldi mna jumla ya psi 21.7, pamoja na presha ya hewa ya nje; ikisoma psi 7 Meru, mna 19.3. Kupata ile ya Mombasa, geji ya Meru ingepaswa kusoma psi 9.4, na kwa hilo tabini itazunguka kasi zaidi na hewa itapata moto zaidi. Hata kwa psi 7, hewa iliyoingia na nyuzi 22 hutoka kwenye kompresa ikiwa na nyuzi 80 hivi. Intakula, inayopoza hewa hiyo, si pambo.

Tena 5L iliundwa kubana hewa kwa zaidi ya 22 kwa 1, kwa sababu haikutarajiwa kupulizwa. Toyota ilipoongeza presha ilipunguza mbano: injini yake ya turbo ya 1KD ilikuwa karibu 18, na 1GD iliyokuja mwaka 2015 ni 15.6. Anayefunga turbo kwenye pistoni zilezile za 5L anakula akiba ambayo mwenye kiwanda hakuiweka. Hata 2L-T ya kiwandani ilijulikana kwa kupasuka silindahedi. Psi 7 zinatosha, pamoja na geji ya joto la ekzosi na mafuta yanayoongezwa kidogo kidogo, huku joto likizuiwa lisipite nyuzi 700. Anayeanza kwa kukaza skrubu ya pampu ameanzia mwisho.

Je, si afadhali kununua injini yenye turbo ya kiwandani? Mara nyingi ndiyo. Lakini 1KD nayo ina lake: washa za shaba chini ya nozeli zikivuja, masizi huingia kwenye oili na kuziba chujio lililo ndani ya sampu. Turbo ikifa hapo, kuiwekea mpya bila kufungua sampu ni kutupa pesa.

Na kuna upande wa pili wa kila bonde. Turbo haisaidii kitu kwenye mteremko, na daraja la Nithi linajulikana kwa sababu ya mteremko wake. Julai 2022 basi lilitumbukia hapo na watu zaidi ya 30 wakafa. Hapo kinachotakiwa ni breki, lakini wenye pikapu huongeza majani ya springi ili kubeba zaidi, na hilo huzidhoofisha. Kwenye Hilux nyingi kuna vali ya breki za nyuma inayoendeshwa na kifimbo kilichoungwa kwenye ekseli: gari likiinama kwa mzigo, vali hupeleka presha zaidi nyuma. Springi zikiongezwa gari haliinami tena, na vali huamini kwamba halijabeba kitu. Kifimbo hicho hurekebishwa kwa spana tu, na kazi hiyo inafaa kufanywa siku springi zinapofungwa, kabla turbo haijanunuliwa.